Maafikiano ya deni la Marekani: ya 2011 au ya 2023, yapi yalikuwa na nafuu?

Kila mara Bunge la Marekani linapomaliza kuvutana juu ya deni la serikali, orodha za washindi na walioshindwa hutoka usiku uleule. Shida yake ni kwamba zinaandikwa kabla sheria haijaanza kufanya kazi. Kiongozi anayesifiwa mwezi Juni anaweza kuwa ameng'olewa Oktoba, na kifungu ambacho hakuna aliyekijadili kwenye runinga kikaja kumnyima mtoto nafasi ya masomo miaka miwili baadaye.

Kwa hiyo nimechukua maafikiano mawili ambayo matokeo yake tumeshayaona: yale ya Agosti 2011, kati ya Rais Barack Obama na Spika John Boehner, na yale ya Juni 2023, kati ya Rais Joe Biden na Spika Kevin McCarthy. Mazingira yalikaribiana sana. Rais alikuwa Mdemokrat, Seneti ilikuwa ya chama chake, na Warepublikan walikuwa wametoka kulichukua Baraza la Wawakilishi kwenye uchaguzi wa katikati ya muhula. Hata Biden yumo mara zote mbili, kwanza akiwa makamu wa rais. Ukilazimika kuchagua mfano mmoja wa kufuata, uchague upi? Mimi nachagua wa 2023, na sababu yangu kubwa ni bei: marais wote wawili walinunua kitu kilekile, ila mmoja alilipa zaidi ya mwenzake.

Kwanza, kinachogombaniwa

Ukomo wa deni haumruhusu mtu yeyote kuanzisha matumizi mapya. Bunge linakuwa limeshapitisha matumizi na limeshapanga kodi. Pengo linalobaki hujazwa kwa mkopo, na ukomo unasema mkopo huo usivuke kiasi fulani. Ukishafikiwa, Wizara ya Fedha hujivuta kwa miezi kadhaa kwa hatua za dharura za kihasibu. Zikiisha, yaani siku ya hatari ikifika, serikali inabaki kuchagua nani asilipwe: wenye hati fungani, wastaafu au wanajeshi. Hapo ndipo chama kilichoshika baraza moja tu kinapopata nguvu kuliko idadi ya viti vyake, kwa sababu kinaweza kutishia kuiacha tarehe ifike.

| | 2011 | 2023 |
|---|---|---|
| Ukomo ulifikiwa | Mei 16, dola trilioni 14.3 | Januari 19, dola trilioni 31.4 |
| Siku ya hatari | Agosti 2 | Juni 5 |
| Kura, Baraza la Wawakilishi | 269 kwa 161 | 314 kwa 117 |
| Kura, Seneti | 74 kwa 26 | 63 kwa 36 |
| Ukomo ulifanywaje | uliongezwa kwa awamu, jumla dola trilioni 2.1 | ulisimamishwa hadi Januari 1, 2025 |
| Viwango vya matumizi | vya miaka 10 | vya lazima kwa miaka 2 |

Mistari miwili ya mwisho ndiyo ya kusomwa mara mbili. Obama alitaka kwa nguvu zote ugomvi huu usirudi kabla ya uchaguzi wa Novemba 2012, na alipata. Biden alitaka usirudi kabla ya uchaguzi wa Novemba 2024, naye alipata. Kila mmoja alinunua muda wa kuvuka uchaguzi wake. Obama aliulipia kwa muongo mzima wa kubana matumizi. Biden aliulipia kwa miaka miwili.

2011: kitisho kilichogeuka sheria

Mwanzoni Obama na Boehner walikuwa wakizungumzia jambo kubwa zaidi: kupunguza nakisi, yaani lile pengo kati ya mapato na matumizi, kwa karibu dola trilioni 4 katika miaka kumi, Wademokrat wakikubali kuguswa kwa bima ya afya ya wazee na Warepublikan wakikubali mapato zaidi ya kodi. Julai 22 Boehner alijitoa. Nyuma yake kulikuwa na wabunge wapya walioingia na wimbi la Tea Party, vuguvugu la kupinga kodi na matumizi ya serikali, watu walioahidi wapiga kura wao kwamba kodi haitapanda hata senti, na spika hakuwa na njia ya kuwapelekea mpango wenye kodi ndani yake.

Kilichotoka mwishoni, kikiandaliwa kwa sehemu kubwa na Biden na Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikan katika Seneti, hakikuwa na kodi mpya hata moja. Viwango vya matumizi viliwekwa ili kuokoa takriban dola bilioni 917 katika miaka kumi. Kisha ikaundwa kamati ya wabunge 12, sita kwa kila chama, itafute angalau dola trilioni 1.2 nyingine. Ikishindwa, makato yangeanza yenyewe, nusu kwenye ulinzi na nusu kwenye matumizi mengine. Waliotunga kifungu hicho waliamini kwamba kingekuwa kibaya mno kwa kila upande hivi kwamba hakuna ambaye angethubutu kukiacha kifanye kazi. Novemba 21, 2011 kamati ilitangaza kwamba imeshindwa.

Ukisoma karatasi peke yake, Boehner alishinda. Mwenyewe aliiambia runinga ya CBS kwamba alipata asilimia 98 ya alichotaka. Lakini Warepublikan 66 walimpigia kura ya hapana, na Wademokrat waligawanyika katikati kabisa, 95 kwa 95. Mbunge Emanuel Cleaver wa Missouri aliyaita maafikiano hayo sandwichi ya shetani iliyopakwa sukari. Jioni hiyo ya Agosti 1 jambo moja tu liliwaunganisha: Gabrielle Giffords wa Arizona, aliyepigwa risasi kichwani Januari ya mwaka huohuo, aliingia ukumbini kupiga kura yake ya kwanza tangu siku ile. Pande zote zilisimama kumpigia makofi. Kura yake ilikuwa ya ndiyo.

Hasara ilianza kuonekana haraka. Agosti 5 kampuni ya Standard & Poor's iliishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la uaminifu wa kulipa madeni, AAA, hadi AA+, mara ya kwanza katika historia. Jumatatu iliyofuata kipimo cha hisa cha Dow Jones kilianguka kwa pointi zaidi ya 630. Wenye fedha, kwa hofu, walikimbilia hati fungani zilezile za Marekani zilizoshushwa daraja, kwa hiyo riba yake haikupanda. Hata hivyo ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilikadiria kwamba kuchelewa huko kuliongeza gharama za kukopa kwa takriban dola bilioni 1.3 katika mwaka huo wa fedha peke yake. Bilioni 1.3 zisizojenga daraja wala kumtibu mgonjwa.

Lakini waliolipa hasa walikuja kujulikana Machi 1, 2013, makato ya lazima yalipoanza. Bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, Medicaid, ililindwa, na pensheni za Social Security pia. Elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini, mpango wa Head Start, haikulindwa: takriban watoto 57,000 walipoteza nafasi zao. Wizara ya Ulinzi iliwapeleka watumishi wa kiraia wapatao 650,000 likizo bila malipo kwa siku sita.

Tukio moja la Aprili 2013 nadhani linasema zaidi ya hotuba zote za miaka ile. Waongoza ndege nao walianza kupewa likizo bila malipo, na safari zikachelewa nchi nzima. Ndani ya wiki hiyohiyo Seneti na Baraza la Wawakilishi zilipitisha marekebisho ya kuwarudisha kazini, kwa upesi ambao haukuwahi kuonekana kwa watoto wa Head Start. Wenye kusafiri kwa ndege wana sauti Washington, na wabunge wenyewe wamo miongoni mwao. Mtoto wa miaka minne anayerudishwa nyumbani hana mtu wa kumpigia kelele.

Ndiyo maana makato ya kujianzia yenyewe nayaona kuwa kosa kubwa la 2011. Yanaonekana ya haki kwa sababu yanakata kila mahali, lakini baada ya kukata kila mahali, wenye nguvu hurudi mlango wa nyuma kuondolewa yao.

2023: kipande kidogo, mkono mgumu

McCarthy alianza akiwa dhaifu kuliko Boehner. Alipata uspika Januari 7, 2023 kwenye duru ya 15 ya kura, na ili aupate alikubali kanuni kwamba mbunge mmoja tu anaweza kuleta hoja ya kumwondoa. Ikulu iliamini hataweza kupitisha kitu chochote. Aprili 26 aliwapitishia muswada kwa kura 217 dhidi ya 215, wenye makato ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge, CBO, iliyakadiria kuwa dola trilioni 4.8 katika miaka kumi. Siku hiyo ndiyo aliyoshinda, kwa sababu Biden, aliyekuwa amesema hatajadiliana juu ya ukomo wa deni, alilazimika kukaa mezani. Mei alikatisha ziara yake, akaacha kwenda Papua New Guinea na Australia baada ya mkutano wa G7 huko Hiroshima, ili arudi kwenye mazungumzo.

Hapa nampa Biden lawama yake. Kukubali kujadiliana kulithibitisha kwamba tishio linafanya kazi, na mtu atakayelitumia tena anajua hivyo. Hakuna kipengele kizuri cha sheria kinachofuta hilo.

Tazama basi kilichobaki kutoka kwenye zile trilioni 4.8. Sheria iliyosainiwa Juni 3 ilikadiriwa na CBO kupunguza nakisi kwa takriban trilioni 1.5. Sharti la kufanya kazi ili kupata Medicaid liliondolewa. Ruzuku za nishati safi zilizopitishwa 2022 hazikuguswa. Ulinzi ulipewa dola bilioni 886 kwa mwaka wa fedha 2024, kiasi kilekile alichoomba Biden. Matumizi mengine ya kila mwaka yalibanwa yasipande mwaka wa kwanza, kisha yaongezwe kwa asilimia 1 tu.

Kwenye msaada wa chakula, SNAP, mambo yalikuwa ya kuumiza na ya kutia moyo kwa pamoja. Watu wazima wasio na watoto waliotakiwa kuthibitisha kazi walikuwa wa hadi miaka 49. Sheria ilipandisha umri hadi 54. Mtu wa miaka 53 aliyechoka mgongo, anayeokota vibarua, aliwekewa karatasi za kujaza na miezi ya kuhesabu. Wakati huohuo wajumbe wa Biden walipata msamaha kwa watu wasio na makazi, kwa maveterani wa jeshi, na kwa vijana wa hadi miaka 24 waliolelewa na serikali baada ya kutengwa na familia zao. CBO ilipojumlisha yote, ilikadiria kwamba wanaopata msaada wangeongezeka kidogo. Warepublikan walipata kichwa cha habari, Wademokrat wakapata idadi.

Mamlaka ya kodi, IRS, ilinyang'anywa bilioni 1.4 ndani ya sheria, na kwa ahadi ya mdomo ikakubaliwa kwamba bilioni 20 zitahamishwa kutoka kwenye zile 80 ilizokuwa imepewa mwaka uliotangulia. Kukata fedha za wakaguzi wa kodi hupunguza mapato kuliko kinachookolewa, kwa hiyo kifungu hicho, kwenye sheria ya kupunguza nakisi, kiliiongeza. Waliofaidika ni wenye kipato kikubwa wanaoogopa kukaguliwa.

Seneta Joe Manchin wa West Virginia alipata bomba lake la gesi la Mountain Valley, lililokuwa limekwama mahakamani kwa miaka. Tim Kaine, seneta wa Virginia, jimbo ambalo bomba linapita pia, alileta marekebisho ya kuliondoa, akashindwa. Wenye mikopo ya masomo nao walipoteza: usitishaji wa marejesho uliodumu tangu 2020 uliwekewa mwisho kisheria.

Jioni ya Mei 31 ilionyesha nani anashika nini. Kabla ya muswada kujadiliwa lazima ipite kura ya utaratibu, na kwa desturi chama chenye wingi huibeba peke yake. Warepublikan 29 waligoma. Wademokrat walikaa kimya wakiacha hesabu iende vibaya, McCarthy akitazama. Kisha kiongozi wao Hakeem Jeffries akainua kadi ya kijani, na Wademokrat 52 wakapiga kura ya ndiyo. Kwenye kura ya mwisho Wademokrat waliokubali walikuwa 165, Warepublikan 149. Sheria ya spika ilipitishwa na wapinzani wake kwa wingi kuliko watu wake.

McCarthy hakuisoma ishara hiyo. Waasi wa chama chake walizuia shughuli za ukumbi Juni kwa karibu wiki nzima, na yeye, ili kuwatuliza, akaacha kamati ziandike bajeti za chini ya viwango alivyokubaliana na Biden. Aliwaudhi waliomwokoa bila kuwaridhisha waliomchukia. Oktoba 3, 2023 Matt Gaetz, mmoja wa waasi hao, alipoleta hoja ya kumwondoa, Warepublikan wanane waliungana na Wademokrat wote waliokuwepo, naye akaanguka kwa kura 216 dhidi ya 210. Hakuna spika aliyewahi kuondolewa hivyo kabla yake.

Wewe uko upande gani?

Anayetaka serikali ndogo kweli alipata zaidi 2011. Matumizi yalibanwa kikweli katika miaka ya kwanza, na ukali wa aina hiyo haukuwepo 2023. Ila asihesabu muongo mzima: Bunge lililegeza viwango vile 2013, 2015, 2018 na 2019, mara nyingi Warepublikan wakiongoza ulegezaji kwa ajili ya ulinzi.

Familia inayotegemea huduma za serikali ichague 2023 bila kusita. Hakukuwa na panga la kujianzia lenyewe la kiasi kile. Kilikuwepo kifungu cha kukata asilimia 1 kama Bunge lisingemaliza bajeti zake, lakini hakikufika kutumika.

Spika wa Baraza, kusema kweli, hana cha kuchagua. Boehner aliondoka Oktoba 2015 akiwa amechoshwa na watu walewale waliomkatalia 2011. McCarthy hakumaliza hata mwaka. Kama angetaka ushauri wangu, ningemwambia atimize alichosaini, kwa sababu siku ya hatari kura za kumwokoa zinatoka upande wa pili.

Kwa rais, nitarudia bei. Tena Obama hakupata kodi 2011, lakini baada ya kushinda uchaguzi aliipata Januari 2013: kiwango cha juu kilirudi asilimia 39.6 kwa kipato cha zaidi ya dola 400,000 kwa mtu mmoja. Muda alioununua ulimzalia. Biden alijiondoa kwenye kinyang'anyiro Julai 2024, na muda alioununua ukamkuta mwingine Ikulu. Hilo haliufanyi uamuzi wake kuwa mbaya. Mtu huamua kwa anachokijua siku hiyo.

Na heshima ya nchi? Hapo hakuna tofauti ya kuchagulia. Agosti 1, 2023 kampuni ya Fitch nayo iliishusha Marekani hadi AA+, ikitaja migogoro ya kujirudia ya ukomo wa deni kama dalili ya utawala unaodhoofika. Maafikiano makali hayakuwatuliza wapimaji 2011, na maafikiano laini hayakuwatuliza 2023. Wanachokihofia ni tabia ya kufika ukingoni.

Anayechagua 2023 ajue udhaifu wake pia. Kinga iliyopatikana kwa maafikiano hudumu mradi pande zote mbili bado zinahitajiana. Julai 4, 2025 chama kimoja, cha Warepublikan, kikiwa na Ikulu, Seneti na Baraza, ukomo wa deni uliongezwa kwa dola trilioni 5 bila maafikiano yoyote na upande wa pili, kwa sheria iliyopita Seneti 51 kwa 50 na Baraza 218 kwa 214. Sharti la kazi la Medicaid, lililokataliwa 2023, liliwekwa. Umri wa sharti la kazi kwenye SNAP ulipanda hadi 64. Na ule msamaha wa wasio na makazi, maveterani na vijana waliolelewa na serikali, ulioandikwa 2023 udumu hadi Oktoba 1, 2030, ulifutwa.